Lisemwalo Huenda Halipo



Usiku wa Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya Isha, niliwakuta mabinti wa nyumbani wamejikusanya mkekani, simu moja katikati yao, wakibishana kwa sauti ya juu. Walikuwa wametazama filamu kuhusu muuaji wa London wa mwaka 1888, yule ambaye dunia humwita Jack the Ripper na ambaye hadi leo hajajulikana. Kila mmoja alikwisha kujichagulia mshukiwa wake. Mkubwa alishikilia kuwa ni mjukuu wa Malkia. Wa pili alisema ni mchoraji fulani mashuhuri. Mdogo wao aliapa kuwa ni daktari wa mfalme, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba sura yake tu inatosha.

Jirani yetu, mzaliwa wa Nyamira aliyeolewa huku Pwani miaka mingi iliyopita, alikuwa amekuja kurejesha sinia. Alisimama mlangoni, buibui lake mkononi, akasikiliza kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Wanangu, nyinyi mnacheza. Kwetu mtu akitajwa hivyo usiku, asubuhi huenda mkakuta majivu."

Mabinti walinyamaza. Nami nikaona kuwa juma hili sina mada nyingine ya kuwaandikia.

Tuanze na hiyo kadhia ya London, kwani ndani yake mna mafunzo ambayo wenye kuitazama kwa burudani hawayaoni. Kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 9 Novemba 1888, wanawake watano waliuawa kwa kisu katika mtaa wa Whitechapel na viunga vyake, mashariki mwa London. Majina yao ni Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Ninawataja kwa sababu aghalabu husahauliwa, na anayekumbukwa ni muuaji. Nichols alikuwa mama wa watoto watano. Usiku aliouawa alifukuzwa katika nyumba ya kulala wageni kwa kukosa peni nne za kulipia kitanda. Chapman alikuwa mjane mgonjwa wa mapafu, naye pia usiku wake alikosa pesa za malazi. Stride alizaliwa Sweden, akaja Uingereza kutafuta maisha. Walikuwa maskini kabla ya kuwa chochote kingine. Mwaka 2019 mwandishi Hallie Rubenhold alitoa kitabu juu ya maisha yao watano, akaonesha jinsi jina baya walilopachikwa lilivyotangulia ushahidi kwa baadhi yao. Mwanamke akikutwa usiku hana pa kulala, watu walikwisha kumhukumu kabla hawajamzika.

Polisi walifanya kazi kubwa. Walihoji watu zaidi ya 2,000, wakazuilia wapatao 80, na vipeperushi 80,000 vikasambazwa kuomba habari kwa wakazi. Hawakupata kitu. Na pale ambapo ukweli ulikosekana, dhana zikaingia kukaa mahali pake, na zimekaa hapo kwa zaidi ya miaka 130.

Mwenye kusoma orodha ya walioshukiwa atacheka, kisha atasikitika. Yumo Mwana wa Mfalme Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria, ingawa kumbukumbu za ikulu zinaonesha kuwa siku ambayo wanawake wawili waliuawa kwa usiku mmoja, yeye alikuwa Scotland pamoja na nyanya yake. Yumo Sir William Gull, daktari wa Malkia, mzee wa miaka zaidi ya 70 ambaye mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi. Yumo mchoraji Walter Sickert, ambaye ameandikiwa vitabu vizima vya kumtuhumu, hali kuna dalili kuwa sehemu ya majira hayo alikuwa Ufaransa. Yumo hata Vincent van Gogh, ambaye mwaka huo alikuwa akiishi Arles, kusini mwa Ufaransa, akichora bustani na alizeti. Na wako waliosema kuwa muuaji ni mwanamke, mkunga, kwa hoja kwamba mkunga hupita usiku na nguo yenye damu wala hakuna anayemshangaa. Nimeitafakari hoja hiyo zaidi ya nyingine zote. Kazi ile ile inayomfanya mwanamke ahitajiwe na jirani zake ndiyo iliyogeuzwa kuwa hatia yake.

Lakini hakuna aliyeonewa kwa kichekesho kama Lewis Carroll, mtunzi wa hadithi za watoto. Mwaka 1996 mtu mmoja aitwaye Richard Wallace alichapisha kitabu akidai kuwa Carroll ndiye muuaji. Ushahidi wake? Alichukua vifungu vya maandishi ya mtunzi huyo, akazipangua herufi na kuzipanga upya, zikatoa maneno ya kuungama. Wasomaji wawili wenye akili pevu wakachukua aya ya mwanzo ya kitabu cha Wallace mwenyewe, wakazipanga upya herufi zake, nayo ikatoa maneno ya Wallace kuungama mauaji mengine kabisa, ya Marekani, tena ya zama zetu. Kwa njia ile, hakuna kiumbe duniani asiyeweza kutiwa hatiani. Ukiwa umekwisha kumjua muuaji wako, kila herufi itakutolea ushahidi.

Yuko na Daktari Thomas Barnardo, mwanzilishi wa makao ya watoto mayatima. Katika siku zile za hofu alitembelea nyumba ya malazi ya maskini, akazungumza na wanawake waliokata tamaa. Baadaye alipoona maiti ya Elizabeth Stride alimtambua kuwa alikuwa miongoni mwao, akaandika gazetini kuomba watoto wa maskini waokolewe na nyumba zile. Miaka mingi baada ya kufa kwake, naye akaingizwa orodhani. Kosa lake ni kwamba alikuwapo. Alikwenda kuwaona wanyonge, basi akashukiwa.

Sasa tutoke London, twende katika milima ya kijani ya Kisii na Nyamira.

Ardhi ya Abagusii ni nzuri kwa macho. Migomba, michai na mahindi hupanda vilima hadi kileleni, na mvua haiwi mbali. Lakini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Baba aligawa, babu alikwisha kugawa kabla yake, na kilichobaki kwa mjukuu ni ukanda mwembamba unaoteremka hadi kijitoni. Katika hali kama hiyo mpaka wa shamba huwa jambo la uhai na mauti, na mjane mwenye kipande chake huwa kizuizi machoni pa mwenye tamaa.

Huko mchawi huitwa omorogi. Jirani yangu anasimulia kuwa utotoni waliambiwa kwamba wachawi hutembea uchi usiku, wamebeba chungu chenye moto unaowaka na kuzimika, na kwamba uchawi hurithishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mwana. Mtaalamu wa Kimarekani, Robert LeVine, aliyeishi miongoni mwa Wagusii katika miaka ya 1950, aliyaandika mambo hayo hayo. Aliandika pia kuwa tuhuma hazitoki mbali: hutoka kwa mke mwenza, kwa mkwe, kwa jirani wa mpakani. Humtuhumu mtu yule ambaye tayari ana kinyongo naye. Mgonjwa alikwenda kwa mwaguzi, ambaye kwao huitwa omoragori, na aghalabu alirudi na jina ambalo moyoni mwake alikwenda nalo.

Zamani tuhuma nyingi ziliishia katika minong'ono, kuhama, au kiapo. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 mambo yaligeuka. Makumi ya watu waliuawa, wengi kwa kuchomwa ndani ya nyumba zao, hata mtaalamu Justus Ogembo akaandika kitabu kizima kuhusu msako ule. Kisha mwezi wa Mei 2008 kundi la watu lilipita nyumba hadi nyumba usiku katika vijiji vya Kisii, likiwa na orodha ya majina. Watu kumi na mmoja waliuawa, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao wazee.

Je, orodha hiyo ilitokana na nini? Habari zilizotangazwa wakati ule zilieleza kuwa wanakijiji walidai kuona daftari katika shule ya msingi, na ndani ya daftari hilo mmeandikwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi: nani alihudhuria, na nani atarogwa baadaye. Tafakarini jambo hili, ndugu zangu. Wachawi ambao inasemwa hutembea gizani bila nguo ili wasijulikane, waliketi na kalamu, wakaandika majina yao kwa utaratibu kama chama cha akiba, kisha wakalisahau daftari lao shuleni kwa watoto. Haijulikani ni mkono wa nani ulioandika. Hakuna aliyeulizwa. Watu kumi na mmoja wakafa kwa daftari.

Hapo ndipo London na Kisii zinapokutana. Jina Jack the Ripper lenyewe lilitoka katika barua iliyopelekwa kwa shirika la habari mwezi wa Septemba 1888, ikiandikwa kana kwamba ni ya muuaji. Baadhi ya maofisa wa polisi waliamini kuwa iliandikwa na mwandishi wa habari ili magazeti yauzike. Kisha mwaka 1992 likazuka daftari jingine, la kumbukumbu za siku, likidaiwa kuwa la James Maybrick, mfanyabiashara wa pamba wa Liverpool, akiungama mauaji yale. Likachapishwa, likauzwa, na baadaye mtu aliyelitoa akaandika kwa kiapo kuwa ni la kughushi. Ajabu ni kwamba huyo huyo Maybrick alipokufa mwaka 1889, mkewe Florence alihukumiwa kifo kwa madai kuwa alimlisha sumu, hukumu ambayo tangu siku ile watu wengi waliitilia shaka. Aliponea kitanzi, lakini alikaa gerezani hadi mwaka 1904. Kwa hivyo nyumba moja ilionja mambo mawili: mke aliyefungwa kwa ushahidi dhaifu, na mume aliyetuhumiwa kaburini kwa karatasi isiyo na asili.

Basi mtu asije akaniambia kuwa kuamini upuuzi ni tabia ya watu wa kijijini wasiosoma. Walioandika vitabu vya kumtuhumu mtunzi wa watoto kwa kupangua herufi walikuwa wamesoma. Waingereza wenyewe waliwaua watu kwa tuhuma za uchawi kwa muda mrefu, hadi sheria yao ya mwaka 1735 ilipoacha kumhesabu mchawi kuwa mhalifu wa kunyongwa. Moyo wa mwanadamu ni mmoja. Ukipatwa na hofu hutaka jina, na ukikosa jina la kweli utakubali lolote. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tofauti ni nini, basi? Mbona mshukiwa wa ajabu wa London huishia katika kitabu, na wa Kisii huishia motoni?

Kuna kisa kimoja cha mwaka ule ule wa 1888 kinachojibu. Siku chache baada ya kifo cha Annie Chapman, mtaa mzima ulikuwa ukizungumza juu ya mtu aitwaye "Aproni ya Ngozi". Tuhuma zikamwangukia fundi viatu mmoja Myahudi, John Pizer. Alikuwa mgeni kwa dini na asili, na hilo lilitosha. Pizer alijificha nyumbani kwa jamaa zake, si kwa kuogopa polisi, bali kwa kuogopa watu wa mtaani wasimrarue. Tarehe 10 Septemba akakamatwa. Lakini baada ya kukamatwa akaulizwa: usiku ule ulikuwa wapi? Akaeleza kuwa usiku wa kifo cha Nichols alikuwa barabarani akitazama moto uliokuwa ukiwaka bandarini, na alizungumza na askari. Askari akatafutwa, maelezo yakathibitika, na siku mbili baadaye Pizer akasimama mbele ya hakimu wa kuchunguza vifo, akasafishwa jina hadharani.

Watu wa Whitechapel hawakuwa wema kuliko watu wa Marani. Kama wangemtia Pizer mikononi usiku ule, sidhani kama angefika asubuhi. Kilichomwokoa ni kwamba kati ya neno la mtaani na mwili wake palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango ule palikuwa na mtu wa kuuliza swali.

Nimeitaja Marani kwa makusudi. Tarehe 17 Oktoba 2021, katika eneo hilo la Kaunti ya Kisii, wanawake wanne waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma kwamba walimroga mwanafunzi wa shule ya upili. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita tangu lile daftari. Hapakuwa na mlango baina yao na umati. Hakuna aliyewauliza: usiku ule mlikuwa wapi? Na hata kama wangeulizwa, wangejibu nini? Aliyetuhumiwa kwa kisu anaweza kuthibitisha kuwa alikuwa mahali pengine. Aliyetuhumiwa kwa uchawi hana mahali pengine, kwani wamtuhumuo husema kuwa roho yake ilitembea huku mwili wake umelala. Ukikana, umekana kwa ujanja. Ukilia, machozi yako ni ya uongo. Ukinyamaza, umekubali.

Sisi wa Pwani tusije tukatikisa vichwa na kusema, "Hao watu wa bara!" Kilifi ni yetu. Kwa miaka mingi wazee wa Kimijikenda wamekuwa wakiuawa huko kwa jina hilo hilo la uchawi, wengi wao wanaume wenye mvi, na wanaofuatilia mauaji hayo wamesema mara nyingi kuwa nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mzee hakukubali liuzwe, au urithi ambao vijana wamechoka kuungoja. Ndiyo maana Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, iligeuka kuwa kimbilio la wazee waliotishiwa na damu yao wenyewe. Na ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wasukuma, bibi vizee waliuawa kwa kuwa na macho mekundu, hali macho yale yaliiva kwa moshi wa kuni walizowapikia watoto wao maisha yote.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mipaka. Uislamu haukani kuwapo kwa sihri, na umeikataza kwa ukali. Lakini haukumpa mwanakijiji ruhusa ya kuisoma hatia katika uso wa jirani yake. Surat al-Hujurat inatuamuru kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na inatukataza wingi wa dhana. Anayemsingizia mwanamke mwenye heshima zake ametakiwa alete mashahidi wanne, na akishindwa, adhabu inamrudia yeye. Nasi sote tunakijua kisa cha Ifki, jinsi mji wa Madina ulivyoyumba kwa neno lililosemwa juu ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, na jinsi watu wema walivyoteleza kwa kulipokea kwa ndimi kabla ya kulipima. Ikiwa neno lilimfikia yeye katika nyumba ile, litashindwaje kumfikia mjane wa Nyamira?

Sheria ya nchi nayo ina kauli yake. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, ya zama za wakoloni, na ina kasoro nyingi. Lakini ndani yake mna jambo ambalo wengi hawalijui: kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi ni kosa, isipokuwa shauri limepelekwa kwa mwenye mamlaka kama chifu au polisi. Yaani mwenye kunyoosha kidole mbele ya umati ndiye aliyevunja sheria, hata kabla jiwe halijarushwa. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa.

Narudi kwa jirani yangu. Mabinti walipokwenda kulala, aliketi nami barazani, tukanywa kahawa, akanieleza lile lililokuwa likimkaa moyoni.

Mama yake mzazi amekuwa mtu mzima sana, na kumbukumbu zinamtoka. Kule Nyamira alianza kuamka usiku wa manane, akatoka nje bila kanga ya kutosha, akipita baina ya migomba kumtafuta ng'ombe aliyeuzwa miaka ishirini iliyopita. Akifika kwenye nyumba za watu, hubisha hodi na kuuliza kama wamemwona. Ndugu zake jirani yangu hawakuogopa ugonjwa. Waliogopa kwamba mwanamke mzee, usiku, nusu uchi, katika vilima vile, anafanana mno na hadithi ya omorogi. Kisha mtoto wa nyumba ya pili akaugua homa, na mtu akasikika akiuliza kisimani, "Yule bibi alikuja hapa kutafuta nini?" Siku ya tatu ndugu walimpandisha mama yao basi la usiku, wakamleta Pwani kwa bintiye.

"Nilidhani huku amesalimika," jirani yangu akaniambia. "Lakini dada, juzi nimesikia kichochoroni mtu anasema kuwa bibi yangu hana usiku wala mchana, na kwamba watu wa kule wanajulikana."

Hapo niliinamisha kichwa. Neno hilo nilikwisha kulisikia mimi kabla yake. Lilisemwa mbele yangu, katika kikao cha wanawake, siku ya arusi. Mmoja alisema, wengine wakacheka, nami nikanyoosha mkono kuchukua mkate wa sinia bila kusema lolote. Sikulianzisha wala sikuliongeza, lakini niliona kuwa si langu, nikalipisha. Ninawaandikia haya leo kwa kuwa ninaamini kuwa maneno mengi ya namna hii hayasafiri kwa nguvu za waovu. Husafiri kwa sababu watu kama mimi huwapisha njia.

Tuna methali tunayoipenda sana: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali ya wahenga, wala sitaki kuidharau, lakini tuitazame vyema sehemu yake ya pili. Kama halipo, laja. Linakujaje? Linaletwa. Daftari lilisema kuwa kuna wachawi, na kufikia asubuhi palikuwa na maiti kumi na moja. Kilichokuja si uchawi, ni mauaji, na kililetwa na wasemaji.

Basi tufanyeje sisi wenye nyumba na watoto?

Kwanza, mzee akianza kutembea usiku, kusahau majina, kuwaogopa watu wake au kusema na wasioonekana, tumpeleke hospitali. Uzee una maradhi yake ya akili kama ulivyo na maradhi yake ya magoti. Jirani yangu amempeleka mama yake, ameelezwa kuwa ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa, lakini ameonyeshwa namna ya kuishi nao: komeo la juu mlangoni, taa inayowaka usiku, na mtu wa kulala naye chumba kimoja.

Pili, tuwaambie majirani mapema. Siri ndiyo huzaa hadithi. Jirani anayejua kuwa bibi ni mgonjwa atamshika mkono na kumrudisha nyumbani. Asiyejua atafunga mlango na kuanza kusimulia.

Tatu, ujumbe wa simu unaomtaja mtu kwa jina au kwa picha kuwa ni mchawi, mwizi wa watoto au muuaji usipite mikononi mwetu. Tuufute. Na anayetishiwa tumsindikize kwa chifu, kwa polisi, kwa imamu, kwa yeyote anayeweza kuwa ule mlango uliomwokoa fundi viatu wa London.

Nne, wenye ardhi ya urithi waandikishe haki ya wajane na wazee wazi, mbele ya mashahidi, wakiwa hai na wazima. Pasipo na cha kugombea, ulimi hupungukiwa na kazi.

Na mabinti? Sikuwanyima filamu zao. Asubuhi ya Jumapili niliwaita, nikawaambia waendelee kuwatafuta washukiwa wao wa London kama wanapenda, kwani wale wote wamekwisha kufa na hakuna atakayedhurika. Ila kila watakapomtaja mmoja, wajiulize mambo mawili: alikuwa wapi usiku ule, na ni nani anayesema. Mdogo akauliza, "Na tukikosa jibu?" Nikamwambia kuwa hapo ataishi bila jibu, kama polisi wa London walivyoishi. Ni vigumu, lakini ni halali. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya kwanza ya mtu ni kutohesabiwa mwovu kwa sababu sisi tumekosa wa kumlaumu.

Alasiri ya siku hiyo niliwatuma na bakuli la uji wa mchele kwa bibi wa Nyamira. Walikaa naye barazani, mbele ya macho ya mtaa mzima, hadi adhana ya Magharibi. Aliwauliza kama wamemwona ng'ombe wake. Mdogo akamjibu kuwa bado, lakini wataendelea kumtafuta.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, azihifadhi ndimi zetu, na awape subira waliofiwa Kisii, Nyamira, Kilifi na kwingineko. Tukutane juma lijalo, inshallah.

Wassalaam.